Kodi Isiyopitia Mikononi

Karama, Dubai

Mwakio ndugu yangu,

Salamu kwanza na hasira baadaye, maana mama ndivyo alivyotulea. Hujambo? Wifi yangu hajambo? Watoto wanaendeleaje, na yule mdogo mguu wake umepona? Mama nilizungumza naye juzi, akaniambia magoti yanamsumbua lakini bado anakwenda kanisani kwa miguu na hataki kushikwa mkono na mtu. Mimi ni mzima. Joto la huku limeanza kupungua, sasa unaweza kutembea mpaka kituo cha metro bila kufika umelowa kama mtu aliyetoka kufua. Kazi ipo. Bado nasafisha nyumba za watu kule Jumeirah Village Circle, na bado wapo wanaoniita kwa kupiga vidole.

Nimekuandikia kwa kalamu kwa sababu sauti ninazokutumia kwenye simu unazisikiliza nusu, kisha unanijibu kwa kile kidole gumba. Barua hii unaletewa na msichana tunayefanya naye kazi, anakuja likizo. Nimemwambia akukabidhi mkononi na asiondoke mpaka umemaliza kusoma. Mpe chai.

Sasa tuje kwenye ombi lako. Umenieleza kwamba meneja wa ile hoteli ya watalii, ambako wapangaji wetu karibu wote ndiko wanakofanya kazi, amekubali posho yao ya nyumba isipitie mikononi mwao tena. Ataikata juu kwa juu na kukutumia wewe kila mwezi, iwe kodi ya vyumba vyetu pale Voi. Wapangaji hawajaulizwa. Kinachongojewa ni neno langu tu, kwa kuwa ile ploti ya vyumba niliijenga mimi. Umeniambia, "Dada, ukisema ndiyo, hatutasumbuana na wapangaji tena." Maneno hayo niliyasoma nikiwa kwenye metro, nikacheka peke yangu mpaka mama mmoja akahama kiti.

Hongera, bwana mwenye nyumba. Sikujua kwamba katika ukoo wetu tumepata kabaila.

Kabla sijakujibu, nitakuhadithia habari za Mwenyekiti. Jina lake umelisikia kwangu mara nyingi, na kila mara nilimsifu. Leo utasikia yaliyobaki.

Mwenyekiti ni Mkenya mwenzetu, mtu wa bara, wa makamo. Alikuja huku kuendesha gari la mzigo, baadaye akapanga fleti hapa Karama kwa jina lake, akaigawa kwa mbao, akaweka vitanda vya juu na chini, akatupangisha sisi wasichana wa nyumbani. Tunamwita Mwenyekiti kwa sababu ndiye anayeongoza kikundi cha kuchangiana matanga. Mtu wetu akifia huku, yeye ndiye husimama mbele na kofia mkononi kukusanya nauli ya jeneza. Anaomba kwa sauti nene, anavaa suti katika joto hili, na akikuita "binti yangu" unajiona umefika kwenu.

Kampuni yetu haina hosteli. Kwa hiyo juu ya mshahara walikuwa wanatupa posho ya nyumba, nasi tunamlipa Mwenyekiti mkononi. Na hapo, Mwakio, ndipo nataka uweke akili yako, kama bado unayo. Siku ya kodi ilikuwa siku yetu. Mwenyekiti alikuja mwenyewe jioni, akavua viatu mlangoni, akaketi kwenye kiti cha plastiki, tukampa chai. Lakini hakuna aliyefungua pochi kabla ya kusikilizwa. Msemaji wetu alikuwa Akinyi wa Kisumu, unayemsikiaga akipiga kelele nyuma yangu tukiongea kwa simu.

"Mzee, hilo bomba la bafuni linatiririka tu. Tengeneza kwanza. Doo iko hapa, haiendi mahali."

Mwenyekiti anacheka, anasema hawa wasichana ni majambazi, halafu anakunja mikono ya shati na kuingia bafuni na spana. Nimemwona kwa macho yangu amelala chali chini ya sinki, tai ameitupia begani ili isilowe. Akishatengeneza, tunampa chake na risala ya shukrani juu yake. Sisemi alitupenda. Lakini alijua nani anakohoa na kitanda cha nani kinayumba, kwa sababu asipojua hapati chake.

Kisha msichana mmoja akachelewesha kodi, amefiwa na babake, pesa yote ametuma nyumbani. Mtu wa kuongoza matanga angemwelewa kuliko watu wote, au siyo? Mwenyekiti alikwenda moja kwa moja ofisini kwetu. Akawaambia wasichana hawa hawana adabu ya pesa, posho mnayowapa ya kulala wanainunulia mbuzi huko kwao, afadhali mnipe mimi mwenyewe. Ofisi ikafurahi. Kwao ilikuwa kazi imepungua. Tukapata ujumbe kwenye simu kwamba kuanzia sasa kodi inalipwa moja kwa moja, na Mwenyekiti akaja kutuambia ametupunguzia mzigo.

Tulimshukuru. Ndiyo, tulisimama pale kama watoto wa Sunday school tukamshukuru, na Akinyi akamwombea maisha marefu. Sijui ni nani alituroga.

Siku ya kodi iliyofuata tulipika chai kama kawaida. Chai ikapoa. Mwenyekiti hakuja, na angekuja kufanya nini? Chake kilikuwa kimeshaingia.

Halafu AC ikafa, katikati ya miezi ile ambayo hata ukuta unatoka jasho. Tukampigia. "Waelezeni ofisi," akasema, "mimi siku hizi nashughulika na ofisi." Tukaenda ofisini kwa madam anayeshughulikia wafanyakazi. Madam akasema, "Sisi tunalipa tu. Mambo ya nyumba mwambieni mwenye nyumba." Tukampigia tena. Tukarudi tena ofisini. Ndugu yangu, hakuna mtu aliyetukatalia. Wote walikuwa wapole sana, kila mmoja akitunyooshea kidole upande wa mwenzake. Siku ya mapumziko tulikuwa tunakwenda kwenye supamaketi kutembea katikati ya majokofu, tunashika maziwa ya mgando na kuyarudisha, tunasoma maandishi ya Kiarabu tusiyoyaelewa, mradi tusirudi kwenye ile tanuri. Kunguni nao wakapata habari kwamba nyumba haina mwenyewe.

Kati yetu yumo Bi Zuhura, mama wa Unguja, ametuzidi umri sote. Yeye ndiye aliyepata wazo. "Jamani, miye nafa hapa. Huyo madam hajaiona nyumba. Mwiteni aje aione kwa macho yake, kisha tuone kama atanena tena hayo maneno yake ya kulipa tu."

Tukamwomba madam, tukambembeleza, akakubali. Akisharidhika kwamba nyumba ni mbaya, alisema, atamrudishia kila mtu posho yake mkononi. Tukakubaliana sisi wenyewe kwa wenyewe: hakuna kugusa kitu. Bomba liachwe livuje, takataka zikae pale pale, magodoro yafunuliwe aone madoa.

Sasa sikiliza upumbavu wetu, na ucheke, nimekupa ruhusa.

Asubuhi ya siku hiyo nilimkuta Bi Zuhura anapiga deki. Nikamuuliza vipi tena, si tulikubaliana? Akanitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini amevaa nguo. "Mgeni anakuja, mwanangu. Aje akute sakafu hivi?" Nikasema haya, sakafu tu. Kugeuka, Akinyi yuko jikoni, unga umefika viwikoni, anakaanga mandazi. "Si atakuwa ametoka mbali," akaniambia bila kuniangalia usoni. Na mimi ninayekusimulia hapa kwa dharau, unafikiri nilifanya nini? Nilifungua sanduku nikatoa vile vitambaa alivyonishonea mama, vile vyeupe vyenye maua pembeni, nikavipiga pasi, nikavitandika kwenye kila kiti. Madoa ya godoro nikayafunika kwa shuka yangu mpya. Bi Zuhura akafukiza udi, harufu ya choo ikasalimu amri. Na kwa sababu hatukuweza kumwacha mgeni atoke jasho ndani ya nyumba yetu, tulikwenda kwa majirani Wafilipino kuazima feni kubwa ya kusimama.

Madam alipoingia alisimama mlangoni akasema, "Mashallah." Feni ilimpepea nywele. Akaketi juu ya kitambaa cha mama, akala mandazi, akasifu. Mwenyekiti alikuwa naye, amevaa suti, amevua viatu, anammiminia chai kutoka kwenye chupa yetu. Nilipoona wamekula na kunywa nikamkanyaga Akinyi mguu, ndio wakati. Akinyi akakohoa.

"Madam, sasa hiyo AC..."

"Lakini hapa pana baridi nzuri," madam akasema.

Tukatazamana. Kulikuwa na baridi nzuri kweli. Na mtu ameshakula chakula chako, Mwakio, unaanzaje kumwambia kwamba mahali alipokula ni jalala? Bi Zuhura akamwongezea mandazi. Mengine tukamfungia aende nayo. Akaondoka akisema nyumba hii ni kama familia, na kwamba atawaleta wasichana wengine wa kampuni hapa hapa, kwa utaratibu huu huu wa kulipa moja kwa moja. Mwenyekiti alitubariki kabla ya kutoka. Feni tukairudisha kwa wenyewe.

Nimewahi kuwadharau watu wengi katika nchi hii, lakini siku ile nilijiangalia kwenye kioo cha bafuni nikaona nimepata wa kuongeza.

Wasichana wapya wakaletwa, vitanda vikasogezwa mpaka mlango haufunguki wote. Siku moja kazi iliisha mapema nikarudi mchana, nikamkuta mtu amelala kitandani kwangu. Msichana mwembamba, amejifunika shuka yangu, viatu vyake vya ulinzi amevipanga vizuri chini. Nikamtikisa, akaruka.

"Nyabo, dada yangu, nisamehe! Mzee aliniambia hiki ni changu mchana. Mimi nakesha kazini, Silicon Oasis. Kampuni yetu inamlipa yeye mwenyewe."

Alikuwa Mganda, ana woga, ameanza kukusanya vitu vyake. Nikamwambia lala. Nilikaa kwenye kiti cha plastiki nikamtazama akirudi usingizini. Kitanda kimoja kimeuzwa kwa kampuni mbili, na aliyekiuza hana haja ya kuja kuona kama kina mtu, watu wawili, au maiti.

Jumapili hiyo nikamngojea Mwenyekiti nje ya kanisa. Alikuwa na kofia yake mkononi, wamemaliza kuchangia matanga ya mtu. Sikupiga kelele. Nilimweleza yote, AC, kunguni, kitanda, nikamwambia, "Mzee, wewe ulikuwa unakuja. Ulikuwa unatengeneza mwenyewe kwa mikono yako."

Akaniwekea mkono begani, kwa upole kabisa.

"Binti yangu, mimi sina ugomvi na wewe. Lakini elewa, wewe si mpangaji wangu. Mpangaji wangu ni kampuni. Na mpangaji wangu hajawahi kulalamika."

Kisha akaniuliza kama nimeshatoa mchango wa matanga.

Hakuwa anatania, wala hakuwa na uovu usoni. Alikuwa ananieleza jambo kama unavyomweleza mtoto kwa nini jua linazama. Yule mtu aliyelala chali chini ya sinki letu hakuwa mwema, Mwakio, na huyu aliyeniwekea mkono begani hakuwa mbaya. Ni mtu yule yule. Kilichobadilika ni kwamba zamani alihitaji kuniangalia usoni ndipo ale, na sasa hahitaji. Watu wengi tunaowaita wema wako hivyo, waondolee tu haja waliyo nayo kwako, uone. Ninamdharau mpaka kwenye kucha, na ninadharau zaidi ile sala tuliyomwombea.

Nilikwenda ofisini nikadai posho yangu mkononi. Madam akasema sawa, lakini ukichukua mkononi unatoka kwenye nyumba ile, na kampuni haikutafutii nyingine, khalas. Nikatoka. Akinyi akatoka na mimi. Bi Zuhura amebaki, anasema umri wake si wa kubeba godoro barabarani, na sikumlaumu. Tumepata chumba hapa hapa Karama, mbali zaidi na metro, dirisha linatazama ukuta. Mwenye nyumba ni mtu mchafu wa mdomo, simpendi na yeye hanipendi. Lakini bomba lilipokatika alikuja siku ile ile akitukana, akalitengeneza akitukana, kwa sababu siku ya kodi inakuja na anajua pochi ninayo mimi.

Sasa rudi kwenye vyumba vyetu. Mbona hukuniambia habari ya choo? Nimeisikia kwa mama. Choo cha ploti kimejaa, wapangaji wamekuomba ulete gari la kunyonya, ukawapiga chenga, wakakubaliana kushika kodi mpaka gari lije. Mama Zawadi ndiye aliyekwambia mbele ya watu kwamba pesa iko tayari, lete gari tu. Mama Zawadi huyo huyo anayepika jikoni kwa meneja wako. Na wewe, badala ya kupiga simu moja kuita gari, umepanda pikipiki mpaka hotelini kumtafuta mtu atakayekulipa bila kukutajia choo. Hiyo ndiyo akili uliyoniletea ukitaka niisifu. Watu wanakunyima pesa kwa sababu wanakanyaga uchafu na watoto wao, na wewe umeona shida ni mikono yao kushika pesa!

Unaona aibu yoyote? Kama unaiona, niambie iko upande gani wa mwili wako, maana huku Dubai haijaonekana.

Jibu langu ni hapana. Mwambie meneja hapana, na umwambie ni mimi niliyesema. Ita gari la kunyonya choo, simama hapo mwenyewe mpaka limalize, ndipo upite mlango kwa mlango, uketi, unywe chai ya watu, uambiwe ukweli, upewe kodi. Ukisumbuliwa, sumbuka. Hiyo ndiyo kazi ya mwenye nyumba, hakuna nyingine ambayo nimewahi kuiona.

Nisalimie mama, mwambie vitambaa vyake vilisifiwa na madam mkubwa, asijue zaidi ya hapo. Msalimie mjomba anayetutunzia funguo, na fundi wetu wa cherehani mwambie gauni lilinitosha. Wifi yangu mpe pole na watoto. Mama Zawadi msalimie kwa heshima, na useme salamu zimetoka kwangu.

Limebaki jambo dogo. Ile nyumba unayokaa pale mjini, ambayo nimekuwa nikikutumia kodi yake tangu ulipoachishwa kazi. Nimempigia mwenye nyumba wako. Ni mtu mwelewa. Tumepatana kwamba kuanzia mwezi huu namtumia yeye mwenyewe, isipitie kwako tena. Alifurahi sana, hata hakuuliza kama umekubali. Sasa paa likivuja mvua hizi zikija, mwambie. Atakwambia mpangaji wake ni mimi. Ukinipigia nitakusikiliza vizuri, bila kukukatiza, halafu nitakwambia umwone mwenye nyumba.

Mungu akutunze, na akufungue masikio.

Ni mimi dada yako wa tumbo moja,
Wakesho